Maswali ya wasomaji: Baiskeli, hema na milima ya Blue Ridge mwezi wa kumi

SWALI: Habari za saa hizi kaka. Mimi ni mtu wa Bukavu ila sasa naishi Charlottesville, Virginia, nafanya kazi kiwandani. Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi wenzangu wanapanda gari kwenda kuangalia majani yanavyobadilika rangi kwenye ile barabara ya Blue Ridge Parkway. Gari sina ila nina baiskeli ya gia na miguu ninayo. Nataka niende na hema, nilale huko mlimani, niamke niendelee mpaka Roanoke kwa shemeji yangu. Nina Jumamosi na Jumapili tu. Inawezekana? Na hiyo siku ya mlima yenyewe inakuwaje? Usinifiche kitu.

JIBU: Inawezekana kabisa ndugu yangu, tena nimefurahi kupata hili swali manake watu wetu wengi huko Virginia wanaishi chini ya ile milima miaka na miaka na hawajawahi kuipanda. Nianze na barabara yenyewe. Inaanzia Rockfish Gap pale juu ya Waynesboro, kwako ni jirani tu, inafuata mgongo wa milima kuelekea kusini magharibi mpaka karibu na Cherokee huko North Carolina, maili 469, yaani kilomita 755 hivi. Walianza kuijenga 1935 na kipande cha mwisho kikafunguliwa 1987, na tangu mwanzo waliikusudia iwe barabara ya kutembea taratibu mtu unaangalia nchi, ndiyo maana malori ya biashara hayaruhusiwi na spidi ya juu sehemu nyingi ni maili 45 kwa saa. Kuingia ni bure. Pembeni kuna vibao vya maili vinavyohesabu kuanzia sifuri pale Rockfish Gap, kwa hiyo nikisema maili ya 63 utaikuta imeandikwa.

Sasa hiyo wikendi yako. Kutoka mwanzo wa barabara mpaka pa kushukia Roanoke ni zaidi ya maili 110, na tambarare humo hakuna. Mwezi wa sita mtu wa mazoezi anaweza kuzimaliza siku mbili na jua bado analo, ila mwezi wa kumi mwanga ni mfupi, katikati ya Oktoba jua huko linachomoza kama saa moja na dakika ishirini asubuhi na linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na ukiwa upande wa mashariki wa mlima kivuli kinakufikia mapema kuliko hapo. Mimi ningefanya hivi: muombe mtu mwenye gari akupeleke Ijumaa jioni mpaka kambi ya Otter Creek, iko karibu na maili ya 60, ulale pale, Jumamosi upande mlima mkubwa mpaka Peaks of Otter maili ya 86, ulale tena, Jumapili uteremkie Roanoke. Jumamosi ni maili kama 25 tu, kilomita 40. Najua kwenye karatasi zinaonekana kidogo. Subiri nikueleze.

Kule Otter Creek unaamka kwenye baridi na mara nyingi bonde zima liko ndani ya ukungu mzito, hema limelowa kama limenyeshewa, usipoteze muda kungoja likauke, likung'ute, likunje, utalianika juani mchana ukipumzika. Kunywa chai, kula vizuri, toka. Maili tatu za kwanza barabara inafuata kijito, inateremka polepole kwenye miti, halafu unatokea kwenye mto James. Hapo simama. Kuna daraja lenye njia ya watembea kwa miguu chini yake, na upande wa pili kuna lango la zamani la mfereji wa mashua walioutengeneza upya watu waone mizigo ilivyokuwa ikisafirishwa kabla ya treni kuchukua kazi. Hapo ndipo mahali pa chini kabisa kwenye barabara yote ya maili 469, kama mita 200 tu kutoka usawa wa bahari. Na kutoka hapo mpaka bega la mlima Apple Orchard, maili ya 76 na kidogo, unafika mita 1,200 hivi, ambayo ndiyo sehemu ya juu kabisa ya barabara upande wa Virginia. Yaani kwenye maili 13 unapanda mita elfu moja. Hiyo ndiyo siku yako, hizo maili 13.

Kabla hujaanza kupanda vua nguo. Namaanisha hivyo hivyo, hata kama meno yanagongana, vua jaketi baki na shati moja jepesi, dakika kumi za baridi halafu mwili unawaka wenyewe. Wengi wanapanda na jaketi kwa sababu walilivaa asubuhi, wanafika juu shati la ndani limelowa chapachapa, na huko juu upepo unavuma na sasa wanataka kuteremka. Hapo ndipo watu wanapougua. Mimi hiki kitu nakiamini kuliko ushauri mwingine wowote nitakaoandika leo: kwenye milima wakati majani yanapukutika, kupanda hakumshindi mtu mwenye subira, kinachomuumiza ni kuteremka akiwa amelowa jasho. Hewa yenyewe inapoa kama nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita elfu, kwa hiyo kama mtoni ni nyuzi 12 huko juu ni 6, ongeza upepo wa kuteremka kwa spidi ya kilomita 40 kwa saa, ongeza nguo mbichi, vidole vinakufa ganzi na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Kwa hiyo beba shati kavu moja kwenye mfuko wa plastiki, ambalo hulivai mpaka ufike juu, soksi kavu, glavu za vidole vizima, kofia nyembamba ya kuvaa chini ya helmeti na jaketi la kuzuia upepo. Viweke juu kabisa ya begi sio chini ya sufuria.

Kwenye kupanda kwenyewe hakuna siri. Wastani ni asilimia 5 hivi, sio ukuta, ila hauishi, unakata kona unasema sasa hapo mbele panalala kidogo na hapalali. Tafuta mwendo ambao ungeweza kuongea na mtu bila kuhema, kaa nao. Kila nusu saa kula kitu hata kama huna njaa. Simama kwenye sehemu za kutazamia, ziko nyingi, egesha baiskeli, angalia ulikotoka, asubuhi ukungu bado umejaa bondeni na wewe uko juu yake, mi nimeona watu wazima wanakaa kimya kabisa pale hawajui waseme nini. Miti nayo inabadilika jinsi unavyopanda, chini mtoni mingine bado ya kijani, katikati ni njano na nyekundu imechanganyika, ukifika Thunder Ridge kwenye maili ya 74 na ushee mingi imeshabaki matawi matupu. Ndani ya saa chache umepita kwenye wiki kadhaa za msimu kwa miguu yako mwenyewe, na kwenye gari huwezi kulisikia hilo, harufu ya majani yaliyolowa, baridi inavyozidi kidogo kidogo kila kona.

Juu kabisa utaona tufe kubwa jeupe la rada kileleni, na miti ya mialoni ile iliyodumazwa na upepo na barafu mpaka inafanana na shamba la zamani la matofaa, ndiyo mlima ukapata jina. Badilisha shati hapo. Usiseme nitabadilisha chini. Kutoka hapo mpaka Peaks of Otter ni kama maili 10, sehemu kubwa unateremka ila kuna vilima vidogo vinavyokushtukiza, miguu ikiwa imechoka vinauma. Peaks of Otter kuna ziwa dogo, hoteli, kambi, na mlima Sharp Top umesimama juu ya maji, wenyeji waliupenda sana kiasi kwamba 1852 walipeleka jiwe la kileleni Washington likawekwe kwenye ule mnara mkubwa wa kumkumbuka George Washington. Ukianza saa moja na nusu asubuhi na ukisimama vya kutosha utafika saa nane au saa tisa mchana, hema linakauka, unapika na mwanga bado upo.

Jumapili barabara inapanda na kushuka ila mlima mmoja mrefu kama ule haupo tena, unatoka kwenye barabara namba 24, maili ya 112, unashuka Vinton na hapo Roanoke umeshafika. Shemeji awe ameshapika.

Kitu kimoja tu cha lazima: kabla hujaondoka angalia kwenye tovuti ya idara ya hifadhi za taifa kama barabara iko wazi na kambi ziko wazi. Septemba 2024 kimbunga Helene kiliiharibu hii barabara vibaya mno, zaidi upande wa North Carolina, kazi ya kuirudisha imekuwa ndefu, na hata bila kimbunga huwa wanafunga vipande kwa matengenezo. Kambi nazo nyingi zinafungwa mwisho wa Oktoba na maji yanakatwa.

SWALI: Kaka mambo. Nipo Louisville, Kentucky. Baiskeli yangu nilinunua supamaketi, mbele ina meno 44 na nyuma kubwa ni 28. Rafiki yangu anasema nikienda nayo milimani na mizigo nitaharibu magoti. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Rafiki yako ana haki, na tufanye hesabu uone mwenyewe. Kwa gia yako nyepesi, 44 mbele na 28 nyuma, ukizungusha pedali mara moja baiskeli inasogea mita 3 na nusu hivi. Mtu wa kawaida mwenye hema na mizigo anapanda ule mlima wa juu hapo kwa kilomita 8 kwa saa. Ukigawanya utaona miguu yako inazunguka mara 39 tu kwa dakika, yaani kila mzunguko unasukuma kwa nguvu zako zote, ni kama kupanda ngazi mbili mbili ukiwa na gunia mgongoni, saa mbili na nusu bila kupumzika. Hayo ndiyo magoti anayoyasema. Sasa chukua mwenzako mwenye 30 mbele na 34 nyuma, yeye kila mzunguko anasogea mita 1.9, spidi ni ile ile kilomita 8 lakini miguu inazunguka mara 70 kwa dakika, laini, moyo unafanya kazi badala ya magoti. Moyo ukipumzika usiku unarudi, goti likishavimba safari imekwisha.

Sio lazima ununue baiskeli mpya. Nenda kwa fundi muulize kama anaweza kukubadilishia gia za mbele aweke ndogo zaidi, au za nyuma aweke kubwa zaidi, wakati mwingine inabidi abadilishe na ile mashine ya nyuma inayohamisha cheni, kwa sababu ya zamani haifiki kwenye meno 34. Na cheni mpya kama ya sasa imeshalegea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hela nzuri kuliko zote utakazotumia kwenye safari, nzuri kuliko nguo za kubana na kuliko saa ya kupima mapigo.

Halafu breki. Kabla ya milima badilisha raba za breki hata kama zinaonekana zimebaki kidogo, nyaya zikazwe. Ukiwa unateremka na mizigo usishikilie breki muda wote, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka, bana vizuri zote mbili ukaribie kona, punguza spidi kabla kona haijaanza, ukishaingia achia. Majani yaliyolowa yanateleza mno, yanafunika mashimo pia, na chini ya mialoni barabara inajaa mbegu zake za mviringo ambazo zinabiringika chini ya tairi, kwa hiyo kwenye kivuli usilale kwenye kona, baiskeli iwe wima.

Na mizigo ipunguze. Wewe, baiskeli na vitu vyako mkiwa kilo 105, ukitoa kilo 10 unaokoa karibu robo saa kwenye mlima ule mmoja. Vyungu viwili vya nini, sufuria moja inatosha.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima naishi Columbus, Ohio, tulikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kijana wangu ana miaka 22 ameniambia anaenda na baiskeli milimani peke yake, atalala porini. Sijalala tangu aniambie. Gari zitamgonga, na baridi, na hao wanyama. Nimkataze?

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana, na nakuelewa kabisa, mtu aliyevuka aliyovuka akafika huku na watoto wake wazima hawezi kuambiwa tu usijali akatulia. Ila nikuombe usimkataze, mpe masharti. Kijana wa miaka 22 akikatazwa ataenda tu bila kukuambia, na hiyo ndiyo mbaya.

Kuhusu magari, hiyo barabara ni afadhali kuliko barabara nyingi anazopita kila siku kwenda kazini, malori hakuna na spidi ni ndogo. Ila nisikudanganye, pembeni hakuna nafasi ya baiskeli, ni lami halafu majani, na Jumamosi ya katikati ya Oktoba madereva wanaangalia miti badala ya barabara. Kwa hiyo sharti la kwanza ni nguo, avae rangi inayopiga kelele, ile ya chungwa ndiyo bora, na ina faida ya pili, manake msimu huo watu wanawinda kwenye misitu ya taifa inayopakana na barabara. Kwenye barabara yenyewe kuwinda ni marufuku ila mpaka hauonekani kwa macho. Sharti la pili ni taa. Sheria ya hifadhi inataka taa au riflekta nyeupe mbele na taa au riflekta nyekundu nyuma wakati wa giza, ukungu au ndani ya mahandaki, na mahandaki yapo 26 kwenye barabara nzima, Virginia ni moja tu maili ya 53, mengine yote 25 ni North Carolina. Mimi ningemwambia awashe taa zote mbili kutwa nzima, mchana na usiku. Na wakiwa wawili wafuatane mmoja nyuma ya mwingine, wasiende sambamba wakipiga stori.

Kama siku ni Jumapili katikati ya mchana na jua limewaka, hapo magari ni mengi sana, bora aende siku za kazi kama anaweza kupata ruhusa. Jumanne ya Oktoba ile barabara ni ya kwake na ndege.

Sharti la tatu ni la kwako mama. Netiweki huko inakatika sana, anaweza akakaa nusu siku simu haishiki na hakuna tatizo lolote. Mkubaliane kabla: akuandikie kwenye karatasi atalala wapi kila usiku, na akuambie ni saa ngapi akiwa hajapiga ndipo uanze kuuliza. Akisema atapiga akifika kambini, basi mpe mpaka saa tatu usiku, kabla ya hapo usihangaike. Akikataa hata hilo, hapo ndiyo mkatalie.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Mombasa, baiskeli sina, ila nimeona picha za huo msimu. Kwa nini majani yao yanakuwa mekundu na mengine njano? Ya kwetu yanakauka tu yanakuwa kahawia.

JIBU: Swali zuri sana. Kijani cha jani kinatokana na klorofili, ndiyo inayoshika mwanga wa jua kutengenezea chakula cha mti, na inabidi iundwe upya muda wote. Mchana ukiwa mfupi na baridi ikiingia mti unaacha kuiunda na unaanza kujitenga na jani. Klorofili ikishavunjika, rangi ya njano iliyokuwemo humo humo muda wote ndiyo inaonekana, ilikuwa imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, ndiyo maana mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyogandisha huleta wekundu mkali, na mwaka wa mawingu mengi rangi inafifia. Ule mti wa jani la bendera ya Kanada unawaka sana, miti ya hikori inakuwa rangi ya dhahabu, mialoni inachelewa na inaishia kahawia kama ya kwenu. Baridi inaanzia juu kwa hiyo rangi inateremka mlima wiki hadi wiki, na mtu wa baiskeli akijua hivyo hakosi, akichelewa juu ataikuta chini.

SWALI: Hujasema chakula na hujasema dubu. Nataka vyote viwili tafadhali. Msomaji, Greensboro, North Carolina.

JIBU: Chakula kwanza. Kati ya mto James na Peaks of Otter hakuna duka, hakuna mgahawa, na maji usitegemee bomba lolote, hivyo ondoka mtoni na lita tatu zimejaa hata kama ni baridi, watu wanakunywa kidogo wakati wa baridi halafu kichwa kinauma jioni hawajui kwa nini. Kwa kula njiani mi naona chakula chetu kinashinda hizo biskuti za michezo, chapati zilizopakwa siagi ya karanga zikakunjwa, tende, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi kidogo, vyote unakula kwa mkono mmoja na havigandi mdomoni. Jioni pika kitu cha moto chenye mchuzi kabla hata ya kubadilisha nguo za kulala, wali na dengu unaiva haraka ukiwa umeloweka dengu tangu mchana kwenye chupa. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, hiyo sijui nisemeje, ndiyo inayokurudishia mikono.

Dubu wapo, ni wale weusi, na msimu huo wanakula kutwa nzima wajaze mafuta ya majira ya baridi, hizo mbegu za mialoni nilizosema ndizo chakula chao kikubwa. Hawatafuti watu, wanatafuta harufu. Usilale na chakula ndani ya hema, wala dawa ya meno, wala sabuni, wala nguo uliyopikia. Kama kambini kuna sanduku la chuma weka humo, kama hakuna beba chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu ukiweke mbali na hema, na soma kibao cha kambi kwa sababu ni sheria, watu wanapigwa faini. Ukimkuta barabarani usikimbie na usimpe mgongo, simama, ongea kwa sauti ya kawaida, jifanye mkubwa, baiskeli iwe kati yenu, rudi nyuma polepole mpe njia. Mara nyingi ataondoka yeye kabla hujamaliza kushangaa.

SWALI: Kaka nikishindwa katikati ya huo mlima nafanyaje? Nauliza kwa sababu sina mtu wa gari. Roanoke.

JIBU: Unageuza. Kati ya mto na Peaks of Otter hakuna barabara nzuri ya kutokea, kwenye maili ya 71, panaitwa Petites Gap, kuna njia ya msituni ya changarawe ila na mizigo sikushauri. Kurudi mtoni unateremka tu, haichukui hata nusu saa, na pale kuna barabara kuu ya 501 yenye vijiji pande zote. Weka saa yako ya kugeuza kabla hujaondoka, mi naiweka hivi, kama ni saa saba mchana na hujafika Petites Gap geuza hata kama miguu bado ina nguvu, manake sehemu iliyobaki ndiyo ndefu na utaikamilisha gizani kwenye baridi. Na baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba wakirudisha saa nyuma jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu, hapo saa ya kugeuza iwe saa sita.

Ukipita juu ukashindwa baada ya hapo, endelea mpaka Peaks of Otter, kuna barabara namba 43 inayoteremka Bedford.

SWALI: Mimi nipo Korogwe, Tanzania. Haya mambo ya majani sisi hatuna, lakini na mimi nataka kulala na hema na kupanda mlima kwa baiskeli. Niende wapi?

JIBU: Unakaa karibu na mlima ule ule ndugu yangu! Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi, unaanzia mita kama 400 unafika karibu 1,400, yaani ni mita elfu ile ile ya mto James mpaka Apple Orchard, ila nyinyi mmeitandaza kidogo kwa hiyo ni laini zaidi. Lami mpaka juu, kona moja baada ya nyingine, na Soni katikati kuna soko na chai. Nenda mwezi wa sita au wa saba, Usambara kuna baridi kweli miezi hiyo, asubuhi Lushoto utavaa sweta, na ule ushauri wa shati kavu unakuhusu wewe kama unavyomhusu mtu wa Virginia. Tofauti kubwa ni magari, huko kwenu basi na malori ya mboga yanatumia barabara hiyo hiyo nyembamba na yanateremka kwa kasi, kwa hiyo anza Mombo kunapokucha, kaa kushoto kabisa, kwenye kona isiyoonekana mbele usijaribu kumpita mtu, na kurudi teremka asubuhi ya siku inayofuata kabla magari ya soko hayajaanza. Hema omba ruhusa kwenye nyumba za wageni zenye uwanja, wengi wanakubali kwa bei ndogo na maji ya moto ya kuoga wanakuchemshia.